Wapita Njia Wangu 1,140

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Barua imefika saa tatu asubuhi. Ina mhuri mwekundu. Mhuri mwekundu haujawahi kuniletea heri.

Mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi. Anakuja kuikagua njia yangu ya waendao kwa miguu na baiskeli. Anataka kuona kama fedha za awamu ya kwanza zilijenga kitu, na kama kitu hicho kinatumika. Akiridhika, tunapata awamu ya pili: daraja dogo la kuvuka mtaro mkubwa, ili watu wafike zahanati bila kupita kwenye barabara ya malori. Asiporidhika, fedha zinarudi zilikotoka, na mimi nabaki Afisa Msaidizi hadi nistaafu.

Afisa Msaidizi wa Njia za Miguu na Baiskeli. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa sita huu. Afisa kamili hayupo. Namsaidia mtu ambaye hajaajiriwa. Mkurugenzi aliniahidi nafasi hiyo daraja likijengwa, pamoja na meza iliyo dirishani. Kwa sasa dirisha analo Bwana Maegesho, msimamizi wa maegesho ya magari. Hulifungua makusudi kila anapoona nina karatasi nyepesi mezani.

Kuna tatizo dogo. Katika taarifa ya robo mwaka niliandika kwamba njia hutumiwa na watu 1,140 kwa siku. Sikuwahesabu. Mkurugenzi alinipigia simu ghafla akitaka idadi, nami nilikuwa uani, nimesimama mbele ya mita ya maji. Mita ilisoma 1,140. Niliona ni idadi yenye heshima zake.

Jioni nimekwenda kuwahesabu kweli, saa nzima. Watu kumi na mmoja. Mbuzi mmoja. Baiskeli moja, nayo ilikuwa inasukumwa kwa sababu imepata pancha.

Nyumbani mke wangu, ambaye ni muuguzi pale zahanati, ameniuliza mbona nimenuna. Nimesema ni kazi. Akasema basi fanyeni kazi hiyo, maana mama yake hupita kwenye malori kila Ijumaa kwenda kupimwa presha. Mama mkwe, aliyekuwa akipanga vyombo, akadakia kwamba Ijumaa iliyopita upepo wa lori ulimvua kitambaa cha kichwa kikaondoka na lori, na mpaka leo hajui kimefika mji gani. Alisema kwa utani, lakini mke wangu hakucheka.

Daraja lazima lijengwe. Kwa faida ya umma. Na dirisha.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimeamka na akili mpya. Kama watu hawapiti, watapitishwa.

Nimewasha gari nikaenda kwa shangazi. Shangazi anaongoza kwaya ya watu thelathini na wawili, wote wenye afya, wote wanaomwogopa. Nimemweleza kwamba Alhamisi na Ijumaa ningependa kwaya ipite njiani kwangu, iende na kurudi, asubuhi mpaka jioni. Akauliza kwa nini. Nikasema ni zoezi la kitaalamu. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa na miaka saba na sukari imepungua kabatini. Kisha akauliza kwaya itapata nini.

Nimewaahidi ukumbi wa mji, kila Jumatano, bure. Ukumbi si wangu. Nitazungumza na mwenye funguo baadaye.

Nimepita pia kwa fundi baiskeli. Ana baiskeli sita za wateja waliochelewa kuzichukua. Amekubali ziendeshwe, mradi mtu asizitaje kwa wenyewe. Muuza nyama, ambaye ni sauti ya besi kwenye kwaya, ameomba apewe moja. Nimemuuliza kama anajua kuendesha. Amesema haijawahi kutokea akaambiwa hajui.

Nimerudi ofisini nikaegesha gari mahali pangu pa siku zote, pale njia inapokaribia mtaro, penye kivuli kizuri. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni mita mia saba, na jua la siku hizi si mchezo.

Bwana Maegesho ameniuliza kama nina wasiwasi na ukaguzi. Nimemjibu kwamba mwenye njia yake hana wasiwasi. Akatabasamu, akafungua dirisha. Karatasi nne zimefika hadi mapokezi.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Mazoezi. Mambo hayakwenda nilivyopanga, ila hayajaharibika.

Kwanza, kwaya haiwezi kutembea bila kuimba. Nimeomba watembee kama watu wasiojuana. Shangazi amesema hajatumia miaka kumi na minne kuwafundisha kupatana ili leo wajifanye hawajuani. Tumekubaliana waimbe kwa sauti ya chini. Pia wabadilishe nguo wakifika kila mwisho wa njia, ili waonekane wengine. Kwenda na kofia, kurudi bila kofia. Mimi ndiye niliyebuni hilo.

Pili, muuza nyama hajui kuendesha. Baiskeli imempeleka moja kwa moja hadi kwenye lundo la mchanga na kumwacha humo.

Ndipo nilipoliona hilo lundo kwa mara ya kwanza kwa jicho la mkaguzi. Limekaa katikati ya njia, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kubwa kama nyumba ya chumba kimoja. Nimeingia dukani nimevaa sura ya serikali. Nimemuuliza mwenye duka ni nani aliyempa ruhusa ya kumwaga mchanga kwenye njia ya umma. Hakubishana. Amevuta droo, akatoa kibali, akakilaza kaunta taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Sahihi ilikuwa yangu. Mwaka juzi. Sikumbuki, ila mkia wa herufi ya mwisho ni wangu, hakuna mwingine anayeuchora hivyo.

Nimemshukuru kwa kutunza kumbukumbu vizuri, nikatoka.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Nilitarajia mwanamume mwenye kitambi, gari jeupe na dereva. Nilikuwa nimeshamwandalia soda baridi tatu. Ameshuka mwanamke mwembamba kwenye basi, viatu bapa, mwavuli, kigoda cha kukunja, na kidude kidogo cha kuhesabia ambacho ukikibonyeza kinalia *tik*. Nimemwita Mama Mkaguzi. Amesema inatosha.

Ameomba fomu nilizotumia kuhesabu wale watu 1,140. Nimesema zililiwa na panya. Akauliza panya wa chumba gani. Nikataja stoo. Akaandika. Sijawahi kuona mtu akiandika neno *panya* kwa utulivu kiasi kile.

Kisha akanipa ncha ya futi ya kupimia, tukaipima njia, yeye mbele mimi nyuma. Taarifa yangu inasema kilomita mbili. Futi imesema mita 1,860. Ameniuliza zile mia moja na arobaini ziko wapi. Nimefikiri sana, nikakumbuka kwamba nilipima kwa kusoma umbali kwenye gari, na siku hiyo nilipitia kwenye kibanda cha chai. Nimemwambia kweli. Akaandika na chai.

Saa nne amekunjua kigoda chake, akafungua mwavuli, akaanza kuhesabu. Nikaipungia kwaya mkono.

Wamepita vizuri mno. Kofia, bila kofia, miwani, bila miwani. *Tik, tik, tik.* Moyo wangu ukatulia kama maji ya mtungi. Mara ya tatu nikasikia Mama Mkaguzi akimwambia shangazi, "Shikamoo tena." Shangazi akaitika, "Marahaba tena." Mara ya tano akamuuliza kama miguu haijachoka. Mara ya saba shangazi akaacha kupita kabisa, akaletewa kiti na mshonaji wa jirani, akakaa naye chini ya mwavuli.

Nimejisogeza nyuma ya nguzo ya umeme kusikiliza.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "wewe unahesabu miguu au unahesabu watu?"

"Nahesabu watu, mama. Ukipita mara kumi, kwangu bado ni mmoja."

"Basi tumejichosha bure. Yule aliyejificha nyuma ya nguzo ni mtoto wa kaka yangu. Ndiye aliyetuomba tupite mara nyingi. Si mtu mbaya, ila tangu utotoni hapendi njia iliyonyooka."

"Na hiyo njia ni nzuri?"

"Ni nzuri. Inaishia mtaroni tu. Nani atatembea kwenda kwenye mtaro?"

Mama Mkaguzi akaandika hilo pia, na akalipigia mstari chini.

Hesabu ya siku: watu sabini na wanne. Thelathini na wawili kati yao ni waimbaji.

Shangazi ameniambia wakati wa kuagana kwamba magoti yake hayajawa mepesi hivi kwa miaka mingi. Nilikuwa sina hamu ya kusikia habari za magoti.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Siku kubwa. Naandika viganja vikiwaka moto, nusu kwa kupiga makofi, nusu kwa kubeba.

Nilipata wazo wakati nikipiga mswaki. Watu hawaji njiani kwa sababu wanapita barabara ya malori. Nikiifunga barabara, watapita wapi? Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa stoo. Nilichukua kibao cha *HAPAPITIKI KWA MIGUU*, nikakisimika kando ya barabara kubwa, chenye mshale unaoelekeza kwangu. Hakuna aliyeniona. Nilikwenda kukaa karibu na Mama Mkaguzi, nimevaa uso wa mtu asiyejua chochote.

Saa moja kasoro walianza kuja. Kwanza wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Kisha wanafunzi. Kisha wauza mboga na matenga, wapeleka maziwa kwa baiskeli, wagonjwa wa zahanati na vyeti vyao. *Tik tik tik tik*, kama mvua kwenye bati. Nikaona dirisha langu. Nikaona hata pazia lake.

Kisha wote wakafika mtaroni, wakasimama.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mia mbili, mia tatu, na nyuma wanazidi kusukumana. Mwenye baiskeli ya maziwa akaanza kuuliza kwa sauti ni mwerevu gani aliyewaleta hapa. Nami nikaanza kuangalia viatu vyangu. Mama Mkaguzi alikuwa ameacha kubonyeza. Alikuwa amesimama, anaangalia watu wale na ule upande wa pili, ambako paa la zahanati linaonekana wazi, hatua mia moja tu.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hajawahi kuona wateja wengi hivyo mbele ya mlango wake, na furaha ilimpanda kichwani. Alitoa mbao ndefu nene, zile za kumwagia zege, akasema chukueni, mtanirudishia. Fundi baiskeli akaleta nyundo. Watu wakajaza mchanga kwenye magunia, ule ule mchanga wenye kibali changu, wakayapanga kwenye kingo mbili za mtaro ili mbao zikae imara. Shangazi na kwaya walikuwa wamekuja kivyao, bila mimi kuwaita, kwa ajili ya magoti. Wakaanza kuimba, safari hii kwa sauti yote, na magunia yakawa yanakwenda kwa mapigo ya wimbo.

Mbao zilipokuwa zinaletwa, ikaonekana kuna gari limeziba. Mimi nilikuwa nyuma, sioni mbele kwa sababu ya watu. Nikasikia wakisema wainue. Nikawatia moyo. Nilisema kwa nguvu kwamba watu wanaoegesha kwenye njia ya umma hawana haya, na kwamba mimi kama afisa nawaruhusu. Nikajipenyeza nikashika bampa ya nyuma. Tulikuwa kumi na wawili. Tukalibeba, moja, mbili, moja, mbili, tukalichomeka ubavu ubavu kati ya ukuta wa mshonaji na nguzo ya umeme, likakaa kama kizibo kwenye chupa. Watu wakashangilia. Nami nilishangilia. Nikafuta jasho, nikaangalia.

Bluu. Mlango mmoja wa njano.

Ni langu.

Fundi alipomaliza kupigilia, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo muuza nyama akajitokeza, kilo mia moja na kumi kwa mizani yake mwenyewe, akapita polepole, akafika ng'ambo, akageuka akainua mikono. Kuanzia hapo mto wa watu haukukatika. Nikamwona mama mkwe na kikapu chake. Alipofika katikati ya mbao alisimama, akaangalia kule kwenye malori, kisha akaangalia kule anakokwenda, akacheka peke yake. Saa mbili na dakika tano mke wangu alinipigia simu. Alisema mama amefika dakika tisa baada ya kutoka nyumbani, hajahema, na presha yake imesoma vizuri hadi wameipima mara mbili kwa kutoamini. Akaniuliza kama kweli ni mimi niliyefanya hivi. Nikasema ndiyo. Akaniita jina ambalo hajaniita tangu tulipokuwa wachumba, na ambalo siliandiki hapa.

Hesabu: watu 1,386.

Saa tano Bwana Maegesho alitokea amebeba kibao cha *HAPAPITIKI KWA MIGUU* begani, akakiweka mbele ya kigoda cha Mama Mkaguzi kama mtu anayeleta zawadi. Alisema amekikuta barabarani, na daftari la stoo lina sahihi yangu.

Ule mkia wa herufi utaniua.

Mama Mkaguzi akachora mstari juu ya 1,386. Akasema hesabu ya leo haifai, atahesabu tena Jumatatu, na safari hii mimi nitakaa pembeni yake nisiondoke hata kwenda chooni bila taarifa.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Gari halitoki. Nimesukuma, nimevuta, nimelisemesha. Mshonaji amesema limemzibia upepo lakini limemzibia na kelele, hivyo hana haraka.

Imebidi nitembee. Nimetembea hadi sokoni, nimetembea hadi kwa kinyozi. Nimesalimiwa na watu ambao nimekuwa nikiwapita kwa gari miaka sita bila kuwajua. Kinyozi ameniuliza kama mimi ndiye yule wa njia. Nikasema ndiye. Hakunikata bei, lakini amenipaka mafuta mara mbili.

Jambo la ajabu. Jioni nimepita njiani, nikakuta watu tele. Hakuna kibao, hakuna kwaya, hakuna aliyewaomba. Wanapita tu. Watoto wa mshonaji wanaendesha baiskeli hadi ng'ambo na kurudi. Mama mkwe nilimkuta akitembea na jirani yake. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Sina ninakokwenda, baba. Napita."

Nimeshuku kuna mkono wa Bwana Maegesho. Anawaleta watu leo ili Jumatatu wawe wamechoka.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Nimekaa pembeni ya Mama Mkaguzi kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Amenipa kidude changu. Kila mmoja ahesabu kivyake, tutalinganisha.

Lazima nikiri, ni kazi tamu. Nilidhani watu 1,140 ni tarakimu. Kumbe kila *tik* ni mtu. Kuna mzee wa kiwanda anayetembea huku akisoma gazeti na hajikwai. Kuna mwalimu anayeendesha baiskeli na madaftari themanini mgongoni. Kuna binti mwenye magongo ambaye alitusimulia kwamba kabla ya mbao alikuwa akienda zahanati mara moja tu kwa mwezi, siku ambayo kaka yake hana kazi, ili amsindikize barabarani. Sasa anakwenda mwenyewe. Alisema hivyo huku akiendelea na safari, hakutaka kuchelewa. Mama Mkaguzi aliinamisha mwavuli upande wangu wakati huo, nadhani ili nisimwone akifuta macho. Mimi pia nilikuwa na vumbi jichoni.

Saa tisa, njia ikiwa imepoa kidogo, nilibonyeza kidude mara chache zaidi. Si nyingi. Kidole kilikwenda chenyewe.

Jioni tukalinganisha. Yeye 612. Mimi 655.

Akaniuliza wale arobaini na watatu ni akina nani. Nikasema huenda ni mapacha. Alikitazama kidude changu, kisha akacheka. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akicheka. Akasema, "Kaka yangu, mia sita na kumi na mbili ni watu wengi sana. Mbona hawakutoshi?"

Badala ya jibu, nikampa habari za mita ya maji. Nimelala nikilitafuta, sijalipata, nimeacha.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Taarifa imesomwa leo hadharani, ukumbi wa mji, saa tisa alasiri. Mkurugenzi meza kuu, Bwana Maegesho kiti cha mbele amevaa tai mpya.

Tulipoingia, ukumbi ulikuwa na watu thelathini na wawili wakifanya mazoezi ya sauti. Jumatano. Nilisahau. Mwenye funguo alikuwa amesimama mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka, akisema kwamba mama mmoja amemwambia ana ruhusa ya ofisi. Mkurugenzi alinigeukia. Mama Mkaguzi akasema wananchi wana haki ya kusikia fedha zao zimefanya nini, wakae. Wakakaa kwa sauti: soprano mbele, besi nyuma.

Mama Mkaguzi amesoma kila kitu. Mita ya maji. Panya. Chai. Kibali cha mchanga. Kibao. Mapacha. Kwa kila kimoja ukumbi ulicheka, na ajabu ni kwamba kicheko hakikuuma. Ilikuwa kama kusimuliwa habari za ndugu yako mtundu. Alisema fedha zote za awamu ya kwanza zimeonekana zilikokwenda, kila mita iliyolipiwa ipo, na sababu mojawapo ni kwamba hazikupita mikononi mwangu. Alisema vizuizi vikubwa vilivyofanya njia isitumike vilikuwa vitatu: mtaro, mchanga, na gari la bluu lenye mlango wa njano. Bwana Maegesho alicheka hadi tai ikapinda. Kisha Mama Mkaguzi akasoma kwamba pia kuna magari tisa yaliyopewa vibali vya kuegesha juu ya njia, na sahihi kwenye vibali hivyo zilikuwa za Bwana Maegesho. Tai ikanyooka.

Uamuzi. Awamu ya pili imekubaliwa. Daraja litajengwa, la zege, lenye ukuta wa kushika. Lakini vibali vyote vya kuweka vitu njiani vimefutwa. Kila miezi mitatu watu watahesabiwa na kamati ya wananchi, na hesabu itabandikwa kwenye ubao pande zote mbili za njia, pamoja na kazi iliyofanyika, gharama yake, jina la afisa anayehusika na simu yake. Mwenyekiti wa kamati: shangazi. Alipitishwa kwa kura zote. Thelathini na mbili zilipigwa kwa sauti nne tofauti.

Halafu wakaimba. Mkurugenzi, ambaye sijawahi kumwona akitikisa hata kichwa, alikuwa akigonga meza kwa kalamu.

Kuhusu mimi. Sijapandishwa cheo. Mkurugenzi amesema amefikiri sana na ameona afisa kamili asubiri kwanza. Lakini hakunifukuza, kwa sababu Mama Mkaguzi alimwambia kwamba kwa siku saba nimewaleta njiani watu wengi kuliko miaka sita, hata kama kila mara nilikuwa najaribu kufanya jambo jingine.

Dirisha limechukuliwa na kamati. Bwana Maegesho amehamishiwa kwenye meza yangu. Tumekaa tunatazamana.

Nimemsindikiza Mama Mkaguzi hadi kituo cha basi, kwa miguu. Nilimbebea kigoda. Alinishika mkono akaniambia niandike tu ninachokiona, kinatosha. Nimemwahidi kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, tarehe 27 Oktoba

Siku njema tangu asubuhi. Mafundi wamemwaga zege la nguzo ya kwanza ya daraja. Mama mkwe huenda kuwasimamia kila siku na kigoda chake, na wamekwisha kumwita injinia. Mke wangu sasa hutembea nami hadi njia panda kabla hatujaachana kwenda kazini. Bwana Maegesho si mtu mbaya ukimzoea. Hupiga chafya kama trekta, basi.

Saa nane mkurugenzi ametuita. Kuna fedha nyingine za serikali, za kivuli. Zinatolewa kwa miji iliyokwisha kuanza kupanda miti kando ya njia za miguu. Ameuliza tumepanda mingapi. Mimi na Bwana Maegesho tumetazamana. Nimesema mia mbili. Yeye, kwa sauti ile ile, amesema mia mbili na kumi. Mkurugenzi amefurahi, ameandika mia mbili na kumi.

Tumekwenda kuangalia. Ipo kumi na mmoja, na mmoja kati yake ni nguzo ya simu iliyoota majani.

Mkaguzi wa miti anakuja Alhamisi. Sina wasiwasi hata kidogo. Binamu ya mke wangu ana kitalu, miche mia tatu kwenye makopo, na amekubali kutuazima kwa asubuhi moja. Bwana Maegesho ataleta mkokoteni. Tutayafukia makopo hadi usawa wa udongo, tutamwagia maji, nani atajua? Nimeyapitia makosa yote ya safari ile, moja baada ya jingine, na nimegundua kwamba kosa langu lilikuwa moja tu: nilitumia watu. Watu wana magoti, wana nyimbo, wana mashangazi.

Mti unasimama ulipouweka, na hausemi na mkaguzi.